Aktueta ya turbo: nimefunga mbili kwa Forester, hii ya pili ndio ningenunua tangu mwanzo

Hii ni kwa wenye Subaru za turbo, haswa Forester SG5 kama yangu yenye injini ya EJ205 na ile turbo ndogo ya TD04, maana nikikutana na mwenzangu mwenye gari kama hii swali ni lile lile, ninunue aktueta (kile kikopo kinachozuia turbo isisukume upepo kupita kiasi) ya kampuni gani, na mimi kabla sijajibu namuuliza wewe unataka springi ya psi (kipimo cha presha) ngapi, ananyamaza. Springi ndio unanunua jamani. Lile kopo la rangi ni nyumba yake tu.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, ndani ya kopo kuna mpira na springi. Kuna hozi nyembamba inaleta upepo kutoka kwa kompresa ya turbo, upepo ukishinda springi mpira unasukumwa, rodi inatoka nje, inafungua kile kimlango cha westigeti upande wa moshi, basi moshi mwingine unapitia pembeni bila kuzungusha turbo na busti, yaani presha ya upepo turbo inaosukumia injini, inakoma kupanda. Springi ikiwa ya psi 7 busti yako ya chini kabisa ni hapo hapo kama 7. Solenoidi ya gari, kile kivalvu cha umeme kinachoendeshwa na kompyuta, inaweza kukupandishia kwa kuvujisha upepo kabla haujafika kwa kopo, ila kukushusha chini ya springi haiwezi, hata umpe fundi wa kompyuta pesa ngapi. (Wenye Prado ya 1KD hii haiwahusu, turbo yenu ni ya vane, vijibawa vinavyogeuka ndani, na inaendeshwa na mota.)

Yangu ilianza na uchovu. Nikitoka Mombasa kurudi Nairobi, pale unapomaliza Sultan Hamud unaanza kupanda kuelekea Salama, nakanyaga mafuta mpaka chini, geji inaenda 11 vizuri halafu injini ikipita rpm 4,500 sindano inaanza kurudi, 10, 9, 8, na mguu wangu bado uko chini. Tukashuku intakula, kile kipoza upepo wa turbo, inavuja, tukaijaza upepo na kupaka maji ya sabuni kila jointi, hakuna povu. Siku nikachomoa hozi ya kopo la kiwandani nikafunga pampu ya mkono ya baiskeli yenye geji, rodi ikaanza kutoka kwa psi 5 tu, na nikinyamaza nasikia ssss ndani. Mpira umechoka na springi imelegea. Moshi ukiwa mwingi huko juu unausukuma kimlango wenyewe, rodi haina nguvu ya kukishika, ndio maana busti inakuja vizuri halafu inakimbia.

Kosa langu likafuata. Nikaenda duka moja mjini nikapewa aktueta ya bei rahisi, haina jina la maana, kopo jekundu linang'aa, imeandikwa bar 1. Nikajiambia nguvu ikizidi si ndio vizuri, springi ngumu itashika kimlango. Bar 1 ni psi 14 na nusu! Yaani hata solenoidi ikizimwa kabisa gari inaenda 14 kwa setingi za kiwandani ambazo hazijaandaliwa hivyo. Nikaifunga Jumamosi, Jumapili asubuhi barabara tupu, gia ya tatu, nikakanyaga, sindano ikapita 14 ikaenda 16 halafu gari ikakatika mafuta kama mtu amezima swichi, kichwa kikaenda mbele. Ile ni kompyuta inajiokoa, inakata mafuta ikiona busti imezidi. Nilitoa mguu nikarudi nyumbani polepole na nilikuwa naogopa kweli, kwa sababu pistoni za EJ zinajulikana, kingo ya pistoni inayoshika ring'i ikipasuka unafungua injini nzima. Nilipoitoa nikaipima na pampu ile ile, siku ya kwanza ikafungua kwa 13, nikarudia ikafungua kwa 11, nikarudia tena 12 na kitu. Sasa kitu ambacho hakirudii namba yake utakitengenezea setingi vipi? Na pale mwisho wa rodi tundu lilikuwa kubwa kuliko pini, gari ikiwa sailensa (imewashwa tu, hukanyagi mafuta) inalia tiki tiki tiki ya chuma.

Ya pili nikaagiza Turbosmart IWG75 ya Subaru, hawa ni Waaustralia, springi ya psi 7. Mpaka inafika mkononi na ushuru ilinitoka shilingi 35,000 na kitu, ni pesa nyingi kwa kopo linalotoshea kiganjani na sitamdanganya mtu. Lakini ukiishika unaona tofauti. Mwili umechongwa kwa alumini, kofia ya juu inafunguka kwa hiyo springi unaweza kubadilisha baadaye bila kununua aktueta nyingine, uzi wa rodi ni laini, nati ya kufungia inakaza na kubaki ilipokazwa. Nikaipeleka kwa pampu kabla ya kufunga, ikaanza kusogea 7 kasoro kidogo, nikarudia mara kumi, namba ile ile. Hapo ndipo nilipoanza kuiamini.

Kufunga kwenyewe inabidi utoe intakula ya juu maana turbo imejificha nyuma yake, utoe na ngao ya joto, na injini iwe baridi kabisa. Bolti mbili za brekti, klipu moja kwa pini ya kimlango, basi. Ile klipu ndogo weka kidole juu yake unapoichomoa, ikiruka inaingia chini kwa daunpaipu, lile bomba la moshi la turbo, na utaitafuta na tochi mpaka jioni. Pa kuwa makini ni urefu wa rodi. Kimlango ukikifunga kwa mkono kabisa, tundu la rodi lisifike kwenye pini lenyewe, libaki kama milimita 2 mpaka 3, ndio uivute kidogo na mkono iingie. Huo mvuto mdogo ndio unashika kimlango kisitikisike. Kuna mafundi wanakaza milimita 6 au 7 wakidhani wanaongeza busti kwa bure, kweli inaongezeka, lakini unakuwa umekula nafasi ya rodi kutoka, kimlango hakifunguki vya kutosha na rpm ikipanda busti inaendelea kutambaa juu bila wewe kutaka. Busti ongeza kwa springi au kwa solenoidi, rodi iachie kazi yake.

Upepo wa kopo chukua kwa kompresa, usichukue kwa manifoldi ya kuingizia upepo kwa injini, huko gari ikiwa sailensa kuna mvuto wa kurudi nyuma unachosha mpira bure.

Baada ya kufunga bado busti ikawa haipandi, solenoidi inafanya kazi lakini namba imekwama 8. Nikadhani nimeuziwa bandia. Kumbe fundi aliyenibadilishia hozi miezi kadhaa nyuma, akaweka zile za silikoni za bluu nzuri kweli kweli, alitupa hozi ya kiwandani pamoja na kile kipande kidogo cha shaba chenye katundu kembamba kilichokuwa ndani yake. Kile kipande kinabana upepo unaotoka kwa kompresa ili solenoidi iweze kuvujisha. Bila hicho upepo unakuja mwingi, solenoidi inavujisha haimalizi, kopo linafungua mapema. Nikatafuta kingine kwa hozi ya gari lililovunjwa, nikakirudisha, na fundi wa kompyuta akapanga upya solenoidi, sasa inashika 12 kutoka chini mpaka rpm 6,000, sindano imesimama tuli. Ukibadilisha hozi zozote za turbo bonyeza ile ya zamani kwa vidole kwanza usikie kama kuna kitu kigumu ndani.

Sasa kuna jambo la huku kwetu ambalo maelezo kwenye boksi hayasemi. Kopo halijui kama uko Nairobi au Mombasa, upande wa pili wa mpira linapumua hewa ya nje tu. Mombasa hewa yenyewe ina kama psi 14.7, Nairobi huku juu ni kama 12. Kwa hiyo psi 7 ya Nairobi injini inapata jumla 19, na ile ile 7 ukishuka pwani injini inapata karibu 22, bila kugusa kitu. Ndio maana tukipita Mtito Andei gari inajisikia imeamka. Na ndio maana nakataa mtu kuchagua springi kwa vile gari inavyojisikia huku juu, unaweka ngumu kwa sababu Nairobi inaonekana mvivu, halafu Desemba unashuka nyumbani na familia, joto la Kibarani, foleni, mafuta ya pampu yoyote utakayoyapata njiani, na busti huwezi kuishusha.

Kwa gari ya kila siku yenye TD04 na busti ya 12 mpaka 14, springi ya 7 inatosha, wengi huchukua kwamba springi inaweza kupandishwa mpaka mara mbili yake hivi na solenoidi na bado ikatulia. Ukiwa na turbo kubwa zaidi na setingi zake na unataka 18 na kuendelea ndio uanze kufikiria ya 10. Zile za matundu mawili ambazo upepo unaweza kusaidia springi kutoka juu ni nzuri lakini zinataka mtu anayejua kupanga. Forge ya Uingereza nayo ina springi za kubadilisha, mimi sijaifunga nisiisemee. Na kama gari yako haijabadilishwa chochote na kopo la kiwandani linapita kipimo cha pampu, liache hapo, tumia pesa kwa oili na plagi.

Shemeji yangu wa Nyali ana Subaru WRX, alikuwa ameshaweka ya psi 14 kwa oda, nikamtumia video ya pampu na geji akaifuta akachukua ya 7. Wiki ya tatu sasa. Lile kopo jekundu nimelipasua kwa msumeno, mpira wake ni mwembamba na umeanza kujikunja pembeni, na liko kwa gereji kwa anayetaka kuliona.