Plagi za NGK kwenye Toyota IST: uzoefu wangu, na kwa nini iridium niliziacha dukani

Gari ni IST ya injini ya 2NZ, cc 1300. Lilikuwa linamisi, yaani silinda moja haichomi mafuta sawasawa: asubuhi likipata moto linatetemeka, na kwenye foleni ya Barabara ya Mandela ukiwasha AC ndiyo kabisa. Ukikanyaga mafuta linasita kwanza, ndipo linaondoka. Taa ya injini inawaka, inazima, inarudi tena. Kupimwa kwa kompyuta ikasoma P0303, maana yake silinda ya tatu kuhesabu kutoka upande wa mikanda haichomi vizuri.

Ushauri wa kijiweni ulikuwa mmoja: badilisha koili, kile kifaa kinachopeleka umeme mkali kwenye plagi. Koili ni ghali, kwa hiyo nilimwomba fundi ahamishe ile ya tatu aiweke ya pili kwanza. Koili ingekuwa mbovu, hitilafu ingehamia P0302. Haikuhama. Tukafungua plagi zenyewe, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda.

Zote nne zilikuwa zimelika. Nafasi ya kurukia cheche ilikuwa imepanuka waziwazi kupita milimita 1.1 inayotakiwa. Hali ikiwa hivyo, koili inalazimika kutoa umeme mwingi zaidi kila cheche, nayo inachoka kabla ya wakati wake. Fundi akaniambia, "Bosi, hizi bado nzima, tuzipige msasa zirudi." Nikakataa. Msasa unang'arisha tu, chuma kilicholika hakirudi.

Gerezani, Kariakoo, nilikwenda na namba mkononi: BKR5EYA-11 kwa NGK, plagi ya kawaida ya nikeli, ambayo mwenzake kwa kampuni ya Denso ni K16R-U11. Hiyo 11 ya mwisho ndiyo milimita 1.1. Usiende kuuliza "plagi za IST", utapewa zilizopo. Muuzaji alinisukumia zile zenye ncha ya madini ya iridium kwa bei zaidi ya mara mbili, eti nitazisahau mpaka kilomita laki moja. Hapo watu wengi wanaliwa. Si kila iridium ni ya laki moja. Denso wenyewe, kwa mfano, kwa magari ya kawaida ya Japani wanataka Iridium Power zibadilishwe kila kilomita 20,000. Za 100,000 ni Iridium Tough. Kama ulichouziwa ni hizo za kwanza, umelipia jina. Na injini hii kuzifikia plagi ni kazi ndogo, ziko juu pale zinakuona. Kwenye gari ambalo lazima ushushe intake (njia ya hewa ya injini) ndipo uzione, ningelipa za muda mrefu bila kubisha.

Feki zipo, tena zenye boksi zuri kuliko orijino. Mimi naangalia ncha ya katikati kama imenyooka, maandishi kwenye kauri kama hayajachafuka, ringi ya chini kama imekaa bila kudondoka, na nafasi kama inafanana kwenye zote nne. Duka la kwanza nililoingia zilikuwa zimetofautiana kila moja na yake. Nikarudisha, nikaondoka.

Kufunga ndiko ninakotaka msome taratibu, maana plagi nzuri inaharibika hapo. Injini iwe imepoa, kwa sababu hedi, kile kichwa cha injini, ni ya aluminiamu na thredi zake ni laini. Kila koili inashikwa na bolti moja ya namba 10. Soketi yake ya umeme ni plastiki ya miaka mingi, bonyeza klipu, usivute waya. Zungusha koili kidogo ndipo uinyanyue. Kabla ya kulegeza plagi, piga upepo mashimoni, la sivyo mchanga wote wa Dar unaingia kwenye silinda.

Plagi mpya ianze kwa vidole, ekstensheni (fimbo ya soketi) peke yake bila racheti (mpini wake). Fundi wangu anaizungusha kwanza kinyume mpaka aisikie imedondokea kwenye thredi, ndipo anaikaza. Ikigoma mapema, itoe uanze upya; ukiilazimisha na racheti hedi inakula thredi. Ringi ikishagusa, ongeza nusu mzunguko mpaka theluthi mbili, basi. Grisi usipake: NGK wanasema plagi zao zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi inakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Matokeo: kutetemeka kumeisha, taa haijarudi baada ya kufutwa, na linaondoka bila kusita hata AC ikiwa inafanya kazi. Ulaji wa mafuta sioni tofauti ya kuitangazia watu, na anayeniambia plagi zimempa lita kadhaa za bure namsikiliza tu. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu nikeli haidumu sana, lazima uzifungue mara kwa mara kuzikagua.

Ukizifungua, usishtuke ukiona doa la kahawia kwenye kauri karibu na chuma. Mafundi wengi husema inavuja moshi, kumbe ni vumbi la oili lililovutwa na umeme mkali, halina madhara. La kushtukia ni shimo lenye oili. Shimo langu la tatu lilikuwa nayo, inatokea kwenye sili ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini. Tumelifuta likakauka kabla ya kufunga, na sili nimeshaagiza, maana oili hiyo ikiachwa inaozesha mpira wa koili, na misi inarudi hata plagi zikiwa mpya.