Mwaka mmoja baada ya kukarabati jengo letu la Kisutu: uzoefu wangu

Jengo letu lina ghorofa tatu juu ya maduka, liko Kisutu, Dar es Salaam. Marehemu baba alilijenga mwaka 1969, na tangu atangulie mbele ya haki nalisimamia mimi. Nimesubiri masika, kipupwe na kaskazi zipite ndipo niandike kuhusu kampuni iliyotukarabatia, maana jengo likitoka tu kupakwa rangi kila mtu hulisifia.

Aliyeliharibu nilikuwa mimi. Mwaka 2008 wapangaji walitaka ofisi za kisasa, nikakubali. Tukang'oa madirisha ya luva, yale ya vipande vya vioo vinavyoinamishwa, na kuweka ya aluminiamu ya kusukuma, yenye vioo vya bluu. Tukapiga plasta juu ya matofali ya matundu kwenye ukuta wa ngazi. Vile vibaraza vya zege vilivyokuwa vikitia kivuli madirisha ya upande wa magharibi, tukavikata ili bango la biashara lionekane. Luva ukiifungua, dirisha lote linapitisha hewa. La kusukuma huachia nusu tu. Kuanzia hapo kila chumba kikataka kiyoyozi, na ikifika saa tisa alasiri ghorofa ya juu haikaliki. Fundi cherehani aliyepanga huko alikuwa akilowesha khanga ya mkewe na kujitupia mabegani ndipo aweze kushona.

Kampuni ya kwanza niliyoita ilihesabu vyumba na kuniletea bei ya viyoyozi vipya. Hawakupanda hata paani. Ya pili ilimtuma injinia, binti mdogo tu. "Shikamoo mama, naomba ufunguo wa paa." Alikaa huko karibu saa nzima, kisha akaomba arudi usiku. Saa tatu usiku tulikuwa ghorofa ya juu, mimi nimesimama juu ya meza ya kukatia nguo, akaniambia niguse dari palipotolewa jipsamu. Zege lilikuwa na joto la birika lililosahauliwa mezani. Jua lilishazama zamani.

Akanieleza kwamba Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, na hata miezi mingine mchana hukaa juu sana. Kinachopigwa zaidi ni paa. Zege hunywa joto kutwa na kulitema jioni, na viyoyozi vyetu vilikuwa vinashindana na zege hilo. Nilimpa kazi kwa maelezo hayo tu.

Walianza na paa: wakaziba nyufa, wakaweka tabaka la kuzuia joto, wakamalizia na rangi nyeupe. Kisha wakarudisha vivuli vya magharibi, safari hii kwa vipande bapa vya chuma vilivyolazwa, kwa sababu jua la alasiri huja chini chini na kibaraza kimoja cha juu hakitoshi. Vioo vya bluu vikatoka, luva zikarudi.

Siku ya ukuta wa ngazi sitaisahau. Fundi aligonga plasta kwa patasi pole pole, kipande kikaanguka, na doa la mwanga likatua kwenye ngazi. La pili, la tatu. Kufikia adhuhuri ngazi nzima ilikuwa na madoa ya jua, na upepo unapanda kutoka mlangoni kama nilivyoukumbuka nikiwa mtoto. Baba alikuwa ameyapanga matofali yale kwa kusi na kaskazi, nami nilikuwa nimeyafukia kwa miaka kumi na zaidi. Nilikaa pale pale kwenye ngazi nikalia.

Taa zilikuwa kazi ya siku mbili. Tulikuwa na tyubulaiti 80 za zamani, kila moja ikila kama wati 45 pamoja na choki yake, kile kifaa cha kuiwasha na kudhibiti umeme wake. Za LED zinakula 18. Kwa saa kumi kwa siku hiyo ni tofauti ya uniti 21 na nusu. Kwa bei ya luku, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 356 hivi kwa uniti, siku 26 za kazi zinaniokolea karibu laki mbili kila mwezi. Kama huna pesa za kitu kingine chochote, anza na taa.

Viyoyozi vilikuja mwisho kabisa. Chumba ambacho kampuni ya kwanza ilikipangia kiyoyozi cha BTU 24,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza) sasa kinatosheka na 12,000, na miezi ya kipupwe wapangaji wengi hawaviwashi, feni zinatosha. Vile vya zamani vilitumia gesi ya R22, inayoharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni, hivyo sikuona sababu ya kuvitengeneza tena.

Sasa lawama, na ni nzito. Paa lilipakwa rangi zege likiwa bado na unyevu wa mvua za vuli. Masika yalipofika rangi ilitoa malengelenge, maji yakapenya na kuloweka majora mawili ya kitambaa cha fundi cherehani. Nilipiga simu wiki tatu kabla hawajaja. Walikwangua na kurudia bila malipo, ila majora hawakuyalipa, nikamfidia mimi kwenye kodi. Vumbi nalo walilidharau: duka la dawa la chini lilifungwa siku nne ambazo hazikuwa kwenye ratiba. Na vibanio vya luva walivyoleta mwanzo vilikuwa vya plastiki laini, vikakatika; dai vya aluminiamu tangu kwenye mkataba.

Hata hivyo ningewapa kazi tena, ilimradi injinia yule awepo na paa lipakwe kiangazi. Fundi cherehani ameongeza mkataba miaka mitatu, na khanga ya mkewe imerudi nyumbani. Asilimia kumi ya malipo ya mwisho bado ninayo, kama tulivyoandikiana, mpaka masika mengine yapite na nipande paani mwenyewe kuangalia.