Nairobi hadi New York: tiketi ipi ununue, ipi uache

Kutoka uwanja wa JKIA, Nairobi, hadi ule wa JFK, New York, ni karibu kilomita 11,850 kwa njia fupi kabisa ya angani. Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa, hiyo ni safari ya saa 13 na ushei, lakini ratiba husema 15. Ziada hiyo huliwa na kupanda, kushuka na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi. Kwenda unapambana nao; kurudi unakusukuma, na safari hupungua hadi saa 14 hivi.

Nafasi ya kwanza ni ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza Oktoba 2018 kwa Boeing 787. Huondoka usiku, na baridi ya usiku huisaidia: JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka ndege iliyojaa mafuta hupata taabu zaidi kupaa. Anayesafiri na watoto au mzee asisumbuke kutafuta nyingine, hata ikizidi bei kidogo.

Ya pili ni kupitia Amsterdam. Kilomita zinafika kama 12,500, yaani mzunguko ni mdogo. Saa nane na nusu, kisha nane nyingine, pamoja na kusubiri. London inakaribiana nayo, ila mwenye pasipoti ya Kenya athibitishe masharti ya viza ya kupitia Uingereza kabla ya kulipa.

Doha na Dubai ni za tatu. Unaanza kwa kuelekea kaskazini-mashariki ilhali uendako ni magharibi, kwa hiyo jumla inapita kilomita 14,000: saa tano, kisha kama 14. Bei ikiwa nzuri, nunua, lakini kataa kusubiri kwa saa kumi uwanjani. Addis Ababa mara nyingi ni nafuu, na mguu wa kwanza ni saa mbili tu. Uwanja wake uko juu kuliko wetu, zaidi ya mita 2,300, ndiyo maana baadhi ya ndege za huko kwenda Marekani hutua tena njiani. Uliza idadi ya vituo, usiishie kwenye bei.

Ya mwisho kabisa ni tiketi mbili tofauti ulizojiunganishia mwenyewe. Ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina deni kwako wala haikujui, umepoteza nauli. Mzigo nao utauchukua na kuusajili upya, na pengine utahitaji viza ya kuingia nchi hiyo.

Kama unaendelea hadi Dallas au Minneapolis, acha saa tatu New York. Hata kwa tiketi moja, mizigo huchukuliwa pale unapoingia Marekani, hupita forodha, kisha hurudishwa kwa kampuni.

Soma saa vizuri. Ukiondoka saa 23:30 na kufika 06:30, hizo si saa saba. New York iko nyuma yetu kwa saa nane, au saba kuanzia Machi hadi mapema Novemba. Na tiketi ya 00:30 Jumatano ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumatano: uwe JKIA Jumanne saa tatu na nusu usiku. Ukienda Jumatano usiku, ndege ilishaondoka usiku uliotangulia.