Malalamiko ya mwanafunzi: kupitia chuo au kupitia TCU

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania anayekuta katika matokeo yake kwamba hakufanya mtihani ambao aliufanya, anaweza kulalamika ndani ya chuo, au kuiandikia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanzishwa mwaka 2005.

Kwa suala la alama, njia ya chuo ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa karatasi ya majibu, orodha ya mahudhurio aliyotia saini na mhadhiri mwenyewe vyote vipo hapo, na matokeo huidhinishwa na Seneti, yaani chombo cha juu cha taaluma cha chuo, si Tume. Barua huanzia kwa mkuu wa idara, kisha hupanda hadi kitivo au ndaki. Itaje namba ya usajili, msimbo wa somo na tarehe ya mtihani, na nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi ibaki mkononi mwa mwanafunzi. Udhaifu wa njia hii, na si mdogo, ni kwamba anayelalamikiwa na anayesikiliza huweza kuwa watu wa ofisi jirani.

TCU inafaa zaidi pale chuo chenyewe kinapolalamikiwa, kwa mfano kwa kufundisha programu isiyo na ithibati au kukalia barua bila kujibu. Hata hivyo, Tume haisahihishi mitihani, na anayeiendea bila ushahidi kwamba alianzia chuoni hujidhoofisha mwenyewe. Malalamiko ya mikopo hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), na wanaosoma stashahada katika vyuo vya kati huenda NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi.