Siku kumi za kula Bukavu kwa mfuko mdogo: sambaza, malewa na bili moja ya dola

Nilifika Bukavu Jumamosi asubuhi, tarehe 13 Julai 2024, kwa meli ya usiku kutoka Goma, mji ulio upande wa pili wa Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, nikiwa na kazi ya siku kumi na posho ambayo, baada ya kulipia chumba, iliniachia dola sita kwa siku kwa ajili ya chakula. Dola moja wakati ule ilibadilishwa kwa takriban faranga 2,800, kwa hiyo nilikuwa na karibu faranga 17,000 kila kunapokucha. Nyumbani Goma fedha hizo zingenitosha bila kufikiri. Bukavu pia zilitosha, ila ilitegemea umekaa wapi unapokula, kwa sababu katika mji huu ulioshuka na vilima vyake hadi majini, kinachouzwa ghali ni ziwa lenyewe, si samaki wake.

Hilo nililijua jioni ya kwanza. Nilikuwa nimechoka na safari, nikaona baraza la hoteli moja ya ufukweni ambayo sitaitaja, meza zake zikitazama maji, nikaketi. Niliagiza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga na viazi, nikasubiri saa moja na nusu. Sambaza walikuwa wazuri, lazima niseme haki. Viazi vilikuwa vimepoa. Bili ilikuwa dola 14 pamoja na kinywaji. Nikatoa noti ya dola 20, mhudumu akaiinua kwenye taa, akanionyesha mpasuko wa pembeni usiozidi ukucha wa kidole kidogo, akaniambia nitafute nyingine. Nilipompa ya pili alinirudishia chenji kwa faranga, na dola ikahesabiwa kwa 2,600. Dola sita za chenji zikawa faranga 15,600 badala ya 16,800, yaani uji wangu wa asubuhi ulibaki mezani pale. Tangu siku hiyo nilibadilisha dola zangu barabarani kabla ya kula, na nililipa kwa faranga tu.

Jumapili nilikula mkate na avokado chumbani. Jumatatu, mwenzangu wa kazi alinipeleka kwenye malewa moja, yaani mgahawa mdogo wa mtaani, karibu na soko la Nyawera: mabati manne, mabenchi mawili, sufuria tano juu ya makaa, na ndoo yenye bomba mlangoni ambayo hakuna anayeruhusiwa kuipita bila kunawa mikono. Ndoo hiyo ndiyo iliyonifanya niingie. Anayepika pale, ambaye kila mtu humwita Mama tu, aliniuliza kabla sijakaa, "Papa, nikuwekee sombe ao lengalenga?" Niliomba vyote viwili, majani ya muhogo na mchicha, pamoja na bugali wa muhogo uliochanganywa na mahindi, maharagi, na kijiko cha pilipili. Ilikuwa faranga 3,000; ukiongeza sambaza, 5,000.

Niruhusiwe kuwazungumzia sambaza kidogo, kwa sababu ndio waliobeba safari yangu yote. Mgeni hudhani samaki huyu amekuwa Kivu tangu dunia iumbwe, kumbe aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huwezi kuifikiria meza ya Bukavu wala ya Goma bila yeye. Huvuliwa usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa nguzo ndefu, taa huwashwa juu ya maji, samaki hukusanyika chini ya mwanga, na wavu uliotangulia kushushwa huinuliwa kutoka chini. Mbinu hiyo huhitaji giza. Mwezi unapokuwa mkubwa ziwa zima huwa limewashwa taa, samaki hutawanyika, na wavuvi wengi hubaki nyumbani. Kwa mlaji mwenye mfuko mdogo, hili lina uzito kuliko orodha yoyote ya mikahawa: tazama mbingu kabla ya kupanga bajeti.

Jumatano mwezi ulikuwa bado unavumilika. Niliamka mapema, nikanunua sambaza mwenyewe sokoni, wa kupimwa kwa kikombe, wenye macho maangavu na ngozi inayometa kama bati jipya, nikampelekea Mama. Alikubali kunikaangia kwa faranga 1,500 za makaa na mafuta. Aliwaosha mara tatu, akawapaka chumvi, akawaacha kwenye kichujio hadi wakauka kabisa, maana sambaza mwenye maji, alivyonieleza, hupasuka mafutani na kuwa uji. Aliwatia kwa mafungu madogo. Alipowatoa walikuwa wakigongana kama kokoto. Ndipo akakatia kitunguu, nyanya na majani ya seleri kwenye sufuria nyingine, akawapitisha humo kwa muda mfupi sana, na tukala vichwa, miiba na vyote. Tulikuwa watu wawili na wengine tuliwaacha kwa ajili ya jioni. Wale wa hoteli hawakuwazidi kwa lolote isipokuwa sahani.

Kufikia Alhamisi mambo yaligeuka. Nilipouliza sambaza, Mama alicheka, "Papa, mwezi ni mukubwa, sambaza atatoka wapi?" Kikombe sokoni kilikuwa kimepanda bei karibu maradufu, na waliouzwa walikuwa wamelegea. Nilihamia kwenye maharagi, mayai, na ndakala, dagaa wakavu, waliopikwa kwa mawese, chakula ambacho sikilaumu ila hakikuwa kile nilichokijia. Wiki hiyo iliokolewa na mashanza, maziwa ya mgando ya Wabashi, wenyeji wa eneo la Bukavu, meupe na yenye uchachu mwepesi, ambayo huliwa vizuri sana na bugali wa moto. Kwa mtu aliyezoea jibini la Masisi, kule karibu na Goma, kama mimi, ladha yake ni laini mno siku ya kwanza. Siku ya tatu nilikuwa naiulizia kabla ya kuketi.

Matunda nilinunua soko la Kadutu, juu kilimani. Kupanda kilima kile kwa miguu ni kazi, na ukichukua pikipiki kwenda na kurudi unakula faida yote uliyoitafuta, kwa hiyo nilipanda kwa miguu mara mbili tu, jioni, wakati muuzaji wa avokado hataki tena kurudi na mzigo nyumbani. Mananasi ya Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, yanayovuka ziwa kwa mitumbwi, ni madogo na matamu kuliko yale makubwa yanayopangwa mbele ili yavutie macho. Omba ukatiwe moja kabla ya kununua matatu.

Kasoro za malewa ile zipo. Moshi huingia machoni kuanzia saa sita, na ukifika baada ya saa nane unakuta sombe imebaki ya chini ya sufuria, yenye mafuta mengi. Hakuna mahali pa kuegemeza mgongo. Mafuta ya kukaangia hutumika zaidi ya mara moja, ndiyo maana niliwahi kula saa tano na nusu, yakiwa bado ya rangi ya asali. Jumapili hafungui. Na kama unarudishiwa gharama na ofisi, ujue kwamba risiti yake ni kipande cha karatasi ya daftari, kilichoandikwa kwa kalamu ya mtoto wake anayesoma shule ya msingi.

Nampa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu niliyoiondoa ni ya moshi.

Siku ya mwisho, Jumatatu tarehe 22, nilishiba kwa Mama, kisha nikateremka hadi kwenye baraza lile lile la ufukweni nikaagiza chai moja, nikalipa faranga kamili bila kuhitaji chenji, na kukaa saa mbili nikitazama maji hadi muda wa meli ulipokaribia. Hakuna aliyeniondoa. Hesabu yangu yote ya chakula, pamoja na ile jioni ya kwanza, ilifika dola 54 kwa siku kumi. Sita zilizobaki zilikuwa mananasi ndani ya kikapu.

Mhasibu wetu wa Goma alizipokea risiti saba za karatasi ya daftari bila neno. Ile ya hoteli, yenye muhuri na nembo, ndiyo aliyoniita mezani kwake kuja kuielezea.