Uzoefu wangu: mwaka mzima kliniki ya mama na mtoto hapa Ujiji, pamoja na ile namba 115 ya dharura za wajawazito

Habari zenu wamama wenzangu. Naandika hii kwa ajili ya walioko Kigoma, hasa wenye mimba ya kwanza, maana mimi nilivyokuwa natafuta mtu wa kunieleza kuhusu kliniki zetu za serikali nilikutana na wa Dar tu wanasifia hospitali za kulipia. Mwanangu juzi kachomwa surua ya miezi 9 kwahiyo karibu mzunguko wote nimeshaupita.

Huduma ni bure na ukweli ni nzuri kuliko inavyosemwa mtaani. Hudhurio la kwanza ndo refu, wanatoa damu wanapima wingi wake, kundi, VVU, kaswende, malaria, halafu mkojo, presha, uzito, unaandikiwa kadi unapewa chandarua. Kuanzia mwezi wa nne unapewa SP za kukinga malaria, vidonge vitatu unameza hapo hapo nesi anakuangalia, na kila mwezi unarudia hivyo hivyo. Huku kwetu na mbu hawa wa kando ya ziwa usije ukaziruka.

FEFO sasa, zile za kuongeza damu, wengi wanazitupa najua. Mimi zilikuwa zinanichefua vibaya sana, na choo kinakuwa cheusi hadi niliogopa, kumbe ni kawaida ya ile dawa. Nesi mmoja mtu mzima akaniambia "mwanangu meza usiku ukishakula, na usishushie na chai, chai inazuia damu kuingia." Nikafanya hivyo, kichefuchefu kikapungua kabisa, nikawa nakazana na kisamvu cha mawese na dagaa, damu yangu ambayo ilikuwa chini ya 11 ikapanda na nikaona mwenyewe kwenye kadi namba inabadilika. Yule mama Mungu ambariki, alikuwa anamweleza kila mjamzito kama vile ndo wa kwanza kumuona siku hiyo.

Kitu kilichoniumiza ni hii habari ya mwenza. Ukija na mume unaingia kwanza, sawa sina neno, wanataka wanaume washiriki na wote wawili mpime. Lakini mume wangu kazi yake ni ziwani, anapeleka mizigo Kalemie kule ng'ambo Kongo, anaweza kukaa huko hata wiki kadhaa, na mimi siku ya kwanza nikarudishwa eti nikalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mume hayupo. Na jua lile nikatoka na tumbo langu kwenda kumtafuta mwenyekiti, hayupo, kaenda msibani. Kuna binti nilimkuta pale mdogo kabisa, aliyempa mimba kamkimbia, na yeye akarudishwa vile vile huku analia, sijui kama alirudi tena. Hiyo wairekebishe jamani, mwanamke akija apimwe kwanza, mambo ya barua yaje baadaye, kwa sababu anayerudishwa ndo huyo huyo mwenye shida kuliko wote.

Sasa niwaambie kwa nini pamoja na hayo bado nawaambia nendeni, na muende hata kama mnajisikia wazima. Mwezi wa nane wa mimba nimeenda hudhurio la kawaida tu, kichwa kinauma kidogo toka jana yake nikasema ni joto, viatu vimebana nikasema ni mimba. Nesi kanifunga ile mashine mkononi, kaangalia, kanifungua, kaniambia nikae kidogo, kanipima tena mkono mwingine. Presha 160 kwa 110. Mwisho wao ni 140 kwa 90. Mkojo ukaonekana una protini. Akaniuliza kama macho yanaona ukungu, kama chembe inauma juu kulia, nikasema macho ndiyo, asubuhi niliona kama vinyota, hapo akaacha kila kitu akachukua simu akapiga 115.

Hii 115 ndo M-mama, mfumo wa kuwasafirisha wajawazito na vichanga wenye dharura hadi hospitali, wengi tunaisikia redioni na hatujui inavyofanya kazi. Ilianzia Sengerema na Shinyanga ikazinduliwa kwenda nchi nzima 2022, serikali pamoja na Vodafone Foundation. Kupiga ni bure. Aliyepokea akamuuliza nesi maswali kadhaa, gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mtu mwingine kwahiyo ikaja taksi ya kawaida kabisa, dereva wa hapa hapa mjini ambaye wamemsajili, na hela yake analipwa na mfumo kwenye simu. Mimi sikutoa hata shilingi. Mama mdogo alishaanza kufungua fundo la kanga atoe nauli, dereva akamwambia "hapana mama, weka, hii imeshalipwa."

Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, tukakuta wanatusubiri, wameshaambiwa. Nikachomwa dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, jamani ile dawa mwili mzima unawaka moto, msiogope inapita. Nikaanzishiwa uchungu, mtoto akatoka hajafika kilo 2.5 ila analia vizuri, wakanifundisha kumweka kifuani ngozi kwa ngozi nimfunge na kanga, na mama mdogo naye tukawa tunapokezana. Wakaniambia kifafa kinaweza kuja hata ukishajifungua, kwahiyo presha nilipimwa hadi siku ya 42 na dawa sikuacha.

Kuhusu vifaa, jiandae navyo. Bure ni bure ila kuna siku gloves zimeisha, na mpira wa kulalia usikose kwenye begi lako.

Nyumbani kulikuwa na mvutano wa maji. Mama mkwe wangu nampenda sana na ndo aliyenikanda na kunipikia uji wa pilipili manga, ila alitaka mtoto apewe maji maana Kigoma joto. Nikaenda naye kliniki wiki ya 6, nesi akamwamkia kwa heshima zote akamweleza taratibu kwamba kwenye maziwa maji yamo, mpaka miezi 6 yanatosha. Akinisikia mimi ingekuwa ugomvi, kwa nesi alinyamaza na siku za mbele ndo akawa yeye anawakataza majirani.

Ukiacha zile za akizaliwa, chanjo ni wiki ya 6, 10 na 14, halafu miezi 9, halafu miezi 18. Siku za kupima mtoto foleni ni ndefu, wahi asubuhi, nenda na kile kikaptula cha kitambaa cha kumning'iniza kwenye mzani maana kuazimana sikupendi, watoto wanakojoa.

Na nyie wa vijiji vya ziwani huko, tafadhali, mwezi wa mwisho njooni mkae mjini kwa ndugu. 115 inafanya kazi nimeiona, lakini ziwa likichafuka usiku hakuna taksi itakayowafikia huko.