Kuchagua kiatu cha mguu wenye ganzi: kipi cha kwanza, kipi cha mwisho

Muuzaji wa viatu huuliza swali moja tu, "Kinakubana?", na mtu ambaye wayo wake unaning'inia na ngozi yake imekufa ganzi hana jibu la kumpa. Kwangu chanzo ni kisukari. Kwa wengine ni ukoma, kiharusi, au kuumia kwa mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa goti. Kwa kuwa miguu yangu haisemi, nimezoea kuzunguka maduka ya Ngamiani, hapa Tanga mjini, nikipima viatu kwa viganja na macho, na mpangilio ufuatao umetokana na kigezo hicho.

Nafasi ya kwanza naipa raba nyepesi, pana mbele, inayofungwa kwa mkanda wa kunata. Wepesi una maana kubwa, kwani kila gramu iliyo kwenye ncha ya kiatu inabidi inyanyuliwe na paja. Chagua soli iliyopinda juu kidogo mbele, kwa sababu mpira unaong'ang'ania sakafu kwenye ncha ndio unaotuangusha. Mkanda wa kunata, nao, unamfaa anayevua viatu mara tano kwa siku mlangoni mwa msikiti (na hapo vaa soksi, maana sakafu ya uani saa saba mchana huunguza bila kukuarifu).

Cha pili ni kiatu cha ngozi laini cha kufunga kwa kamba. Ni kizito zaidi, lakini hushika kisigino vizuri. Ikiwa umepewa kile kifaa cha plastiki kinachozuia wayo usidondoke, nenda nacho dukani, uchague kiatu ambacho soli yake ya ndani inatoka, na usione haya kupanda namba moja.

Sandali yenye mkanda nyuma ya kisigino naiweka ya tatu. Ina hewa, jambo la maana katika joto la Tanga, ila huingiza mchanga na kuacha vidole wazi mbele ya kila kizingiti. Makubadhi hayashiki kisigino, na katambuga, pamoja na uimara wake, zina misumari. Niliwahi kuvua moja nikakuta soksi imelowa damu, nami nilikuwa nimetoka kunywa kahawa barazani kwa raha zangu.

Ndala ni za mwisho kabisa. Ili ndala ikae, vidole lazima viishike, na vyangu havishiki. Siku moja nilirudi kutoka sokoni, mjukuu akanipokea mlangoni: "Shikamoo babu. Ndala nyingine umemwachia nani?" Nilikuwa nimetembea kipande kizima cha barabara peku bila kujua.

Mitumba ya Tangamano siikatazi, lakini kiatu kilichokwisha kubeba wayo wa mtu mwingine huwa kimebonyea kwa umbo la wayo huo, kwa hiyo kiweke juu ya meza utazame kama kimeegemea upande mmoja, kisha ung'oe soli ya ndani.

Popote ununuapo, nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kiasi chake cha kawaida. Kabla ya kutoka nyumbani, simama juu ya boksi, mtu akuchoree wayo kwa penseli, ukate umbo hilo na kulitumbukiza ndani ya kiatu: likijikunja pembeni, kiatu ni chembamba, hata kama muuzaji anaapa kwamba ngozi itaachia. Mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa dole gumba la mkono. Halafu ingiza mkono ndani, upapase kila mshono.

Siku za mwanzo vaa saa moja tu, uvue, utazame wayo kwa kioo. Wekundu usiopotea baada ya nusu saa unatosha kukirudisha kiatu. Fundi viatu naye umwambie mapema kwamba kwenye kiatu chako atumie gundi na uzi, msumari hapana.